Tuwape Watoto Majibu au Maswali?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu la shule nipate kusema jambo ambalo limekuwa moyoni mwangu kwa muda mrefu. Wengi wa wasomaji wako ni vijana walio bado darasani, na wengine ni wenzangu tuliokwisha toka katika shule hii, tukatawanyika kila mmoja na kazi yake. Kazi niliyoipata mimi ni ualimu. Nafundisha katika shule moja ya msingi wilayani Yumbe, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, ambako wenyeji walio wengi ni Waislamu. Somo langu ni dini ya Kiislamu, darasa la tano na la sita.

Jambo lenyewe ni hili. Watoto wetu wengi hawalipendi somo la dini. Huingia kwa sababu kengele imelia, hukaa kwa sababu mwalimu yupo, na hutoka mbio kama ndege waliofunguliwa tunduni. Wazazi husema watoto wa siku hizi hawana haya wala hofu ya Mungu. Mimi sikubali. Naona kosa ni letu sisi walimu, kwa kuwa tunawapa watoto majibu ya maswali ambayo hawajayauliza, na yale wanayoyauliza tunayanyamazisha. Nasema "sisi" kwa kuwa nami nimo. Kabla ya kumnyoshea mtu kidole, yanipasa nieleze kisa changu mwenyewe.

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi, siku moja nilikuwa nafundisha udhu katika darasa la tano. Niliandika ubaoni nguzo sita za udhu, watoto wakazinakili, kisha nikawaamuru wazisome kwa sauti moja. Mvulana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani tunachota maji mbali, na kwa siku tunapata dumu moja tu. Mama anasema hayo ni ya kunywa na kupika. Sasa mimi nitatawadha kwa maji gani?"

Darasa zima likacheka. Nami nikadhani ananifanyia mzaha mbele ya wenzake. Nikamwambia kwamba maswali ya namna hiyo ni ya mtu anayetafuta sababu ya kuacha sala, nikamwamuru apige magoti karibu na mlango mpaka somo liishe.

Tangu siku ile hakuinua mkono tena. Siku za somo la dini mara tumbo lamwuma, mara ametumwa nyumbani. Mara mbili nilimwona kwa macho yangu amekaa chini ya mwembe nyuma ya jiko la shule, wenzake wakiwa ndani. Nami sikumfuata.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, jua likiwa kali na vijito vimekauka, pampu ya kisima cha shule ikaharibika. Fundi akasema kifaa hakipatikani upesi. Maji yakawa ya kuletwa kwa baiskeli, na mwalimu mkuu akatutengea madumu matatu ya lita 20 kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Watoto wanaosali walikuwa 60. Siku ya kwanza watoto wa mbele waliyamaliza maji yote, wa nyuma wakabaki wanatazamana, na ugomvi ukaanza.

Sikuwa na jibu. Kwa kweli ni kukosa jibu huko kulikonisaidia. Niliingia darasa la tano, nikafuta ubao, nikaandika maneno haya tu: "Madumu matatu, watu 60. Tufanyeje ili wote wasali?" Nikawagawa watoto sita sita, nikawaambia kila kikundi kinijibu kabla ya kesho adhuhuri, na ruhusa wanayo ya kumwuliza yeyote: mzazi, imamu, au mwalimu wa hesabu.

Ndugu wasomaji, sijapata kuona darasa kama lile. Mtoto mmoja alikwisha piga hesabu kabla sijaiweka chaki: lita 60 kwa watu 60 ni lita moja kila mtu. Mwingine akasema haitoshi, kwa kuwa birika letu la plastiki laingia zaidi ya lita mbili, na kila mtu hulimaliza. Msichana mmoja akauliza kama hulimaliza kwa sababu anahitaji, au kwa sababu limejaa. Basi wakatoka nje na chupa ya lita moja, wakajaribu. Wa kwanza maji yalimwishia kwenye mikono. Wa pili akamimina kidogo kidogo, akafika miguuni, na chupani yakabaki. Jioni kikundi kimoja kikaenda msikitini kwa imamu, naye akawaambia habari ambayo mimi niliisoma chuoni nikaisahau, ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kipimo kiitwacho mudi, yaani ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima, kisichofika lita moja.

Asubuhi yake walinijia wamekwisha fika kabla ya kengele. Walikuwa na furaha kama watu waliookota mali. Hesabu yao, majaribio yao na habari ya imamu vilikuwa vimekutana mahali pamoja. Adhuhuri ile watu wote 60 walitawadha, na katika dumu la tatu yakabaki maji. Hakuna aliyewaimbisha nguzo sita za udhu, lakini wote walizijua, maana huwezi kugawa lita moja bila kujua kiungo kipi ni lazima na kipi ni sunna.

Lakini habari haikuishia hapo. Msichana yule yule akauliza, "Na kama maji yaliyopo ni ya kunywa tu?" Safari hii nilikwisha jifunza. Sikumpigisha mtu magoti. Tukamwalika imamu darasani. Akatueleza kuwa mwenye maji anayoyahitaji kwa kiu yake, au kiu ya watu walio naye, au hata ya wanyama wake, anaruhusiwa kutayamamu kwa udongo safi, na kwamba wanavyuoni waliliandika jambo hili vitabuni karne nyingi zilizopita.

Hapo moyo wangu uliruka. Lile swali la mvulana wa mwaka jana halikuwa mzaha. Lilikuwa mas'ala ya fikihi, na watu wenye vilemba vikubwa walikwisha kaa wakalijadili kwa heshima. Mimi nililipigisha magoti mlangoni.

Siku ile ile nilikwenda darasa la sita nikamwita. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba swali lake la mwaka jana lilikuwa swali la haki, kwamba mimi ndiye niliyekosa, na jibu lake ni hili. Alitazama chini kwa muda. Kisha akaniuliza, "Na kama maji yatosha kunywa, lakini hayatoshi kupika?" Nikajibu, "Hilo silijui. Twende tukamwulize imamu." Tukaenda. Imamu akacheka, akasema kuwa wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wamelitaja jambo hilo hasa: maji ya kukandia unga ni haja inayokubaliwa, lakini maji ya mchuzi sivyo. Wakati wa kurudi watoto walibishana njia nzima kama ugali uhesabiwe na unga au na mchuzi. Yule kijana hakukosa tena somo langu mpaka alipomaliza darasa la saba.

Nimeeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake. Mtoto huwa na hamu ya kujifunza pale anapokuwa na shida inayomkera, na shida hiyo ni ya kweli, na amepewa nafasi ya kuitafutia njia. Pipi na zawadi huleta hamu ya siku mbili. Fimbo huleta utii wa kinafiki. Lakini aliyetafuta jibu kwa miguu yake haliachi njiani.

Njia hii si uzushi wangu. Katika mwaka 1969 chuo cha udaktari cha McMaster, huko Hamilton katika nchi ya Kanada, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza kwa mpango mpya. Badala ya kuwakalisha miaka mingi wakisikiliza hotuba za viungo na dawa, waliwapa tangu mwanzo habari za mgonjwa, wakakaa vikundi vidogo na mwalimu mmoja, wakatafuta wenyewe wanayoyajua, wasiyoyajua, na mahali pa kuyapata. Mpango huo ulienea katika vyuo vya nchi nyingi, kisha ukashuka mpaka shule za watoto. Huko Indonesia walimu wengi wa dini ya Kiislamu katika shule za msingi wameujaribu na kuandika matokeo yao. Maandiko mengi ya namna hiyo hutoka katika darasa moja na kwa majuma machache, basi tusiyachukue kama wahyi. Lakini yaonyesha kwamba walimu wa mbali nao wanasumbuliwa na usingizi ule ule wa watoto tunaouona sisi.

Tena, Mwislamu hana haja ya kwenda Kanada kuitafuta njia hii. Tuliisoma sote katika habari ya Jibrili, aliyekuja kwa sura ya mgeni mwenye nguo nyeupe, akakaa mbele ya Mtume akauliza habari za Uislamu, imani na ihsani. Alipokwisha ondoka, Masahaba waliambiwa kuwa huyo alikuja kuwafundisha dini yao. Alifundisha kwa kuuliza! Na Mtume mwenyewe aliwatega Masahaba kwa fumbo la mti usiopukutika majani, ulio mfano wa Mwislamu. Watu wazima wakawaza miti ya nyikani. Kijana Abdullah bin Umar alilijua jibu, kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Umar baba yake alisikitika kwamba hakusema. Jambo hili nawaomba wazazi walitazame sana, kwa maana sisi tumeifanya haya ile kuwa ndiyo adabu yenyewe.

Ibn Khaldun naye, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alieleza katika Mukadima yake kuwa aliwaona wanafunzi wa Maghribi waliomaliza sehemu kubwa ya umri wao katika vikao vya elimu wakiwa kimya, wakihifadhi tu, na mwisho wake hawakuweza kuitumia elimu ile. Dawa aliyoitaja ni kuzoea kusema na kujadiliana. Miaka zaidi ya 600 imepita, nasi bado tunapanda mbegu ile ile.

Sasa nitazame mambo ambayo watu hunipinga nayo, kwa kuwa baadhi yake yana nguvu.

Kwanza, masheha wetu husema mtoto lazima ahifadhi kwanza, kuelewa kutakuja baadaye. Katika jambo moja nawaunga mkono kabisa. Hakuna mtoto atakayeivumbua Fatiha kwa kufikiri, wala idadi ya rakaa haipatikani kwa mashauri ya kikundi. Hayo hupokewa na kuhifadhiwa, na umri wa kuhifadhi ni huo huo wa utoto. Lakini somo la dini lina mambo mengi zaidi ya hayo: usafi, zaka, biashara, jirani, deni, amana, wazazi. Mambo hayo yote yamejaa mashaka ya kila siku, na kuyaimba kama kasuku hakumsaidii mtoto akifika sokoni.

Pili, husemwa kuwa tukiwaachia watoto kutafuta hukumu, kesho watajifanya mamufti. Naona kinyume chake. Mtoto aliyekwenda mwenyewe kwa imamu amejifunza kuwa elimu ina wenyewe, na kwamba mtu huuliza asilolijua. Mwaka jana tulikuwa na mas'ala ya ndugu wawili, kila mmoja ana mbuzi 25, nao wanachungwa pamoja katika zizi moja. Zaka ya mbuzi huanza kwenye 40, ambapo hutolewa mmoja. Je, hawa wana zaka au hawana? Watoto waligundua kuwa kwa madhehebu ya Shafii mifugo iliyochanganywa huhesabiwa kama mali moja, basi mbuzi mmoja atatoka. Kwa Hanafi kila mtu huhesabiwa peke yake, wala hapana zaka. Mtoto aliyeyaona hayo akiwa na miaka 12 hatakimbilia kumwita mwenzake kafiri kwa sababu ya kutofautiana mikono katika sala. Naye amejifunza hesabu bila kujua.

Tatu, kuna mtihani. Katika mtihani wetu wa kumaliza darasa la saba maswali ya dini yamo ndani ya karatasi ya Elimu ya Jamii, na mtoto huchagua ya Kikristo au ya Kiislamu. Wazazi wanataka alama, nami siwalaumu. Sidai kwamba alama za watoto wangu zimepanda kwa njia hii, maana sikuzipima kwa namna ya kuaminika. Ninachoweza kushuhudia ni kuwa wanakuja, wanauliza, na wakiulizwa baada ya likizo wanakumbuka.

Nne, na hili ndilo gumu: madarasa yamejaa. Tangu serikali ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, mwalimu mmoja mara nyingi ana watoto wengi kuliko madawati. Wilaya yetu tena, tangu mwaka 2016, imepokea wakimbizi wengi sana kutoka Sudani Kusini katika makazi ya Bidi Bidi. Mwalimu mwenye watoto mia moja atawezaje vikundi? Najibu kuwa hatakiwi kufanya hivyo kila siku. Mas'ala moja kwa mwezi yatosha. Siku nyingine afundishe kama kawaida, ila afundishe yale yatakayohitajika katika mas'ala ile.

Lakini nawaonya walimu wenzangu juu ya hila moja. Kuna mwalimu ataandika ubaoni, "Ali ana ngamia watano, atatoa zaka gani?" kisha aseme naye amefuata njia mpya. Jibu ni mbuzi mmoja, na kitabu chalisema. Lakini watoto wetu hawajapata kuona ngamia, wala hapana Ali yeyote anayewangoja awatoe zaka. Hilo ni zoezi lile lile la zamani lililovikwa kanzu mpya. Mas'ala ya kweli yana mtu anayeumia ikiwa halikupatikana jibu.

Na mwalimu anayetaka njia hii lazima awe tayari kusema "sijui." Imam Malik wa Madina aliulizwa maswali mengi, na mengi kati yake alijibu kuwa hayajui. Kwake haikuwa aibu. Mimi nilikuwa naogopa neno lile kuliko nyoka. Nilipolisema mara ya kwanza mbele ya yule kijana, nilitazamia kicheko. Badala yake watoto walishika njia kwenda kutafuta.

Wazee wetu walihangaika sana ili Waislamu wa Uganda wapate shule. Zamani za utawala wa Waingereza shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kupeleka watoto wao. Marehemu Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli na wenziwe walifanya kazi kubwa ili mtoto wa Kiislamu asome bila kuiacha dini yake. Majengo yapo sasa. Ingekuwa hasara kubwa ikiwa mtoto ataketi ndani ya majengo yale, na dini yake ikamchosha hapo hapo ilipotakiwa imlee. Wasomaji Wakristo watanisamehe kwa kusema sana habari za kwetu. Nadhani walimu wao nao wanayo miembe yao yenye watoto chini yake.

Basi nawaomba mambo mawili. Ninyi mlio darasani, ulizeni. Ulizeni kwa adabu, kwa wakati wake, lakini ulizeni, na msiseme swali lenu ni dogo. Swali la dumu moja la maji lilikuwa dogo. Nanyi wenzangu tuliomaliza, mlio walimu, maimamu, wafanyi biashara na wazazi: kila mmoja aandike mas'ala moja ya kweli iliyompata mahali pake pa kazi, ya mizani, ya mshahara, ya deni, ya jirani asiyekuwa wa dini yake, amletee Mhariri. Nikizipata nitazipeleka darasani kama zilivyo, bila majibu, na majibu ya watoto nitayaleta hapa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Naongeza kuwa kumnyamazisha anayeuliza ndio ujinga, nami naujua vizuri kwa kuwa ulikuwa wangu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wenu wa zamani.